Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu

Mimi ndiye katibu. Nina miaka kumi na sita,
kalamu mbili, na agizo la Bi Haglund:
andika maamuzi, usiandike maneno.
Basi niliandika: Jumatano, saa kumi na moja jioni,
chumba cha chini cha maktaba, wajumbe saba,
akidi imetimia.

Sikuandika kwamba theluji ilikuwa imeziba madirisha
tukakaa kama viazi vilivyofukiwa,
wala kwamba piza ilipoa Jory akitafuta kisu.

Fedha zilizopo: dola elfu mbili na mia nne.
Maombi: kumi na tisa.
Shuka fupi. Ukilivuta kichwani, miguu nje.

Huku kaskazini mwa Michigan migodi ilifungwa
kabla baba zetu hawajaota ndevu,
na mji bado unaomba kwa sauti ya chini,
kama mgeni anayeulizia choo.

Klabu ya kuogelea inataka miwani ya majini.
Mwalimu wa muziki ana kinanda kilichong'oka meno matatu.
Mama mmoja wa Mtaa wa Tanuri
anaomba vitabu vya nukta nundu kwa bintiye, miaka sita;
ameambatisha paka
aliyechorwa kwa gundi iliyokauka, ili mkono umwone.

Delphine akasema, Tusipige soga, tupige kura.
Delphine alikuwa na mazoezi ya magongo, barafu haimsubiri mtu.

Ombi la kumi na mbili. Shule ya msingi, darasa la pili:
buti za theluji, jozi ishirini.
Mwalimu ameongeza kwa mkono, pembeni:
Wapo wanaovaa mifuko ya mkate ndani ya raba.

Hapo Arlo Kettunen akasukuma kiti nyuma.
Arlo, anayejibu kila kitu kwa mzaha.
Arlo wa koti lile lile tangu tumjue,
nasi tukidhani ni mtindo.
"Nina maslahi," akasema. "Mdogo wangu."
Kanuni ya nne: mwenye maslahi atoke nje.
Akatoka. Akaurudisha mlango taratibu,
kama mtu aliyeacha mtoto amelala.

Ukumbini mashine ya soda ikanguruma.
Sisi sita tukatazama chini ya meza,
kila mtu buti zake.

Keeley akasema: Tusiwape kwa kumhurumia Arlo.
Jory akasema: Wala tusiwanyime kwa kumwonea haya.
Kisha kukawa na kimya ambacho sikujua kukiandika.
Niliacha mstari mmoja wazi. Upo hadi leo.

Limepitishwa. Dola mia saba. Jozi kumi na nne.
Ishirini kutoa kumi na nne, sikuandika.
Nani atakayewachagua hao sita, sikuandika.

Arlo akaitwa. Hakuuliza.
Alichukua kipande cha piza baridi,
akakifunga kwa karatasi ya ajenda, akakitia mfukoni.
Hakuna aliyeona. Sote tuliona.

Kikao kilifungwa saa moja na robo.

Barua za kukataa ni kazi ya katibu.
Tunasikitika kukuarifu, naandika,
na kila herufi inalala bapa kwenye karatasi,
haina mgongo ambao kidole kingeushika.

Viambatisho havirudishwi, yasema kanuni ya tisa.
Basi paka amebaki kwangu.
Usiku nazima taa, nafumba macho juu ya giza,
napitisha kidole:
sikio. Sikio jingine.
Masharubu, hapa gundi ilimwagika.
Mkia bado naukosa.